Waandaaji wa mbio, "miaka 40 na kuendelea" si rika!

Raba_za_Kololo:

Acha niseme maana hili limezidi. Kila msimu wa mbio za barabarani hapa Kampala fomu ni ileile. Wanaume, wanawake, halafu kapu moja huko chini: "maveterani, miaka 40 na kuendelea". Yaani jamaa wa miaka 41 aliyetoka kwenye mashindano makubwa juzi tu, na milima ya Kapchorwa, huko wanakojinoa wakimbiaji wetu, bado imo miguuni mwake, anashindanishwa na mama wa miaka 66. Kisha mnapanda jukwaani kutangaza mshindi wa wazee. Mshindi gani hapo?

Mbio za wakongwe zina utaratibu wake. Mashindano yao ya kwanza ya dunia yalifanyika Toronto mwaka 1975, na leo marika huanzia miaka 35 na kupanda mitano mitano: 35–39, 40–44, 45–49, hadi wenye miaka tisini na kitu. Mwili ndio uliolazimisha hivyo. Kadirio moja la mapigo ya juu kabisa ya moyo ni 208 ukitoa asilimia 70 ya umri. Wa miaka 40 anapata 180, wa miaka 65 anapata 162 hivi. Watu hutofautiana, lakini kwa kila mtu kiwango hicho hushuka umri ukipanda, hata awe na mazoezi ya namna gani.

Na msituambie wazee wanakuja kutembea. Ed Whitlock alikimbia marathoni Toronto mwaka 2004 akiwa na miaka 73, saa 2 dakika 54 na sekunde 48. Kenenisa Bekele alishika nafasi ya pili London mwaka 2024 akiwa na miaka 41. Nchi iliyomtoa Stephen Kiprotich, bingwa wa marathoni wa Olimpiki 2012, haiwezi kuandika orodha ya matokeo kwa marika?

Sasa maji. Tangazo linasema mbio zinaanza saa kumi na mbili asubuhi. Watu wamepasha mwili, wamejipanga, halafu wanasimamishwa dakika 40 wakimngoja mgeni rasmi. Kigimbi cha mtu wa miaka 55 kikishapoa hivyo, kikapewa mwendo wa ghafla na mlima, ndipo kinapochanika. Jua nalo halimngoji mgeni rasmi. Saa tatu linawakuta wakongwe bado njiani, na mtu mzima huchelewa kuhisi kiu kuliko kijana. Anafika mezani anakuta maboksi matupu, na lami nzima imejaa chupa za nusu lita zilizonywewa mafunda mawili tu.

Piga hesabu. Katoni ya chupa 24 za nusu lita ni lita 12. Ukimpa kila mtu chupa yake, umehudumia watu 24. Ukimimina kwenye vikombe, mililita 150 kila kimoja, unapata vikombe 80. Maji yaleyale! Kila mara tunaambiwa "maji yalipungua". Hayakupungua, yalimwagwa.

Meza_ya_Maji:

Ndugu, mimi ni wa upande wa waandaaji. La vikombe ni kweli, ila mdhamini anataka chupa yenye nembo yake ionekane. Na marika kumi kwa wanaume na wanawake ni zawadi ishirini. Pesa itoke wapi?

Raba_za_Kololo:

Nani amedai pesa? Wekeni tarehe ya kuzaliwa kwenye fomu badala ya kisanduku cha "40+". Ihakikisheni kwa kitambulisho cha taifa siku ya kuchukua namba, kisha hesabuni umri wa siku ya mbio. Programu inayopokea muda wa chipu, kile kifaa kidogo anachovaa mkimbiaji kurekodi muda wake, ikishapewa tarehe hiyo itagawa marika yenyewe. Kama zawadi ni moja tu, tumieni asilimia ya umri: muda wa kiwango cha rika, yaani muda bora wa dunia kwa umri na jinsia hiyo, gawanya kwa muda wa mkimbiaji, zidisha kwa 100. Tuseme kiwango cha rika lake ni dakika 75 na yeye amekimbia dakika 100, basi ana asilimia 75. Hapo mama wa miaka 66 anaweza kumshinda huyo wa 41 kwa haki. Na nembo ya mdhamini inakaa vizuri tu kwenye kikombe.

Kocha_wa_Mlimani:

Naunga mkono, na nina langu kwa makocha wenzangu. Mnawapa watu wa miaka 50 ratiba ya kijana wa miaka 22, mazoezi makali matatu kwa wiki, wakiumia mnawaambia wameshazeeka. Makali yasiondolewe, yaachanishwe tu! Weka mawili ndani ya siku tisa au kumi, katikati mbio za polepole ambazo mtu anaweza kuongea sentensi nzima.

Kano ya kisigino ikianza kuuma asubuhi, kulala wiki mbili hakuitengenezi. Asimame ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya unyayo, apande kwa miguu miwili, ahamishie uzito wote mguu unaouma, ashushe kisigino taratibu hadi chini ya usawa wa ngazi. Mara 15, mizunguko mitatu goti likiwa limenyooka, mitatu likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Wengi huacha wiki ya tatu maumivu yakipungua, na hapo ndipo huharibu.

Raba za mitumba za soko la Owino nazo zikaguliwe kabla ya kulipa. Bonyeza soli ya kati, ile sponji iliyo juu ya soli ya chini, kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo iliyokaa pembeni, iache hata kama juu inang'aa.

Raba_za_Kololo:

Asante, kocha. Meza_ya_Maji, fomu za msimu ujao bado hazijachapwa. Tunasubiri kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa.