Bati 20 kwenye orodha, bati 12 kwenye paa: msitujibu kwa hati safi

Wakuu, nimefungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni haya kulisema hilo. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa ndani kwa miaka 11 katika mkoa mwingine, na ninafahamu jinsi jalada lililopangwa vizuri linavyoweza kumficha mtu anayelala chini ya turubai. Ninalolilalamikia limetokea katika halmashauri moja ya Mkoa wa Dodoma. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa barua yangu bado iko kwao na sitaki wapate kisingizio cha kusema nimewahukumu kabla hawajajibu.

Mvua za msimu uliopita ziliangusha nyumba nyingi za tembe kijijini kwetu. Aliyekulia Ugogoni anajua tembe linavyoanguka: paa lake ni udongo uliotandazwa juu ya miti na fito, na mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo udongo ule hunywa maji, ukawa mzito, hadi siku moja boriti moja inakatika na upande mzima unashuka. Halmashauri ilitenga fedha kutoka mapato yake ya ndani, ikaongeza michango ya wadau, na ikatangaza kwamba kila kaya iliyobomokewa itapewa bati 20, mifuko 5 ya saruji, mbao na misumari. Tulishukuru kwa dhati. Majina yalisomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, na jina la mama yangu mdogo, mjane aliyepita miaka 70, lilikuwamo.

Nilipofika nyumbani mwezi wa saba nilikuta nusu ya chumba chake imeezekwa na nusu nyingine imefunikwa kwa turubai lililokandamizwa kwa mawe, na kitanda amekisogeza upande wa bati. Nilihesabu bati mara mbili. Zilikuwa 12. Saruji hakuwahi kuiona. Nilimuuliza kama alisaini kupokea vifaa pungufu, akaniambia kwamba siku ya ugawaji aliitwa mezani, akashikwa mkono, akabonyeza dole gumba lake kwenye kidau cha wino na kwenye karatasi, akaambiwa vilivyobaki vitafuata. Ofisi ya kijiji iliponiruhusu kuitazama nakala ya orodha hiyo, mbele ya jina lake nilikuta pameandikwa bati 20 na saruji mifuko 5, kwa mwandiko mmoja na kalamu moja kuanzia juu ya ukurasa hadi chini. Majirani watatu niliowauliza kila mmoja kwa wakati wake walinieleza jambo lile lile: walipobonyeza dole, safu ya idadi ilikuwa tupu.

Katika ukurasa wa pili wa orodha ile kuna alama tisa za dole gumba zinazofuatana, na zote tisa zina mstari mweupe unaokata katikati, kama kovu la panga la zamani. Majina yaliyo mbele ya alama hizo hayajulikani kijijini. Niliyasoma kwa sauti mbele ya wazee wanne ambao wanamfahamu hata mtoto aliyezaliwa jana, na hakuna hata mmoja aliyelitambua jina lolote kati ya hayo. Sikuhitaji kifaa chochote kuliona kovu lile. Nilichukua ukurasa, nikausogeza dirishani penye mwanga. Kila aliyeidhinisha karatasi hii kutoka kijijini hadi makao makuu ya halmashauri angeweza kuliona, kama angeutazama ukurasa wa pili.

Tulipolipeleka jambo hili kwa mwakilishi wetu, jibu tulilopewa ndilo lililonifanya niandike. Tuliambiwa kwamba halmashauri hii imepata hati safi, hivyo hakuna wizi, na anayesema vinginevyo ana ajenda yake. Naomba niliseme hili kwa uzito wote: hati safi si cheti cha uadilifu. Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa mamlaka anayopewa na Ibara ya 143 ya Katiba na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008, anapotoa hati safi anasema kwamba taarifa za fedha, zikitazamwa kwa ujumla wake, zimeandaliwa kwa kufuata viwango na hazina makosa makubwa kiasi cha kumpotosha msomaji. Hasemi kwamba kila bati lilifika kwenye kila paa. Halmashauri inaweza kupata hati safi huku ripoti hiyo hiyo ikiwa imebeba kurasa nyingi za hoja kuhusu udhaifu wa udhibiti wa ndani, na mradi mdogo wa bati za kijiji kimoja unaweza usiguswe kabisa, kwa sababu mkaguzi wa nje anafanya kazi kwa sampuli na kwa kiwango cha umuhimu, yaani anatafuta makosa makubwa yanayoweza kubadili picha nzima ya hesabu. Kumjibu mjane anayelala chini ya turubai kwa kumwonyesha hati safi ni kumdhihaki.

Anayepaswa kuziba pengo hilo ni mkaguzi wa ndani. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inataka kila halmashauri iwe naye, na Memoranda ya Fedha ya mwaka 2009, yaani mwongozo wa fedha wa serikali za mitaa, inamtaka aandae taarifa kila robo mwaka. Kazi yake si kusubiri wizi utokee ndipo atafute mwizi. Ni kupima kama taratibu zilizowekwa zinaweza kuuzuia, na kama zinafuatwa kweli. Sasa tazameni mpango huu ulivyoendeshwa. Mtu mmoja aliandika orodha ya waathirika, akakaa na ufunguo wa chumba kilichogeuzwa stoo, akasimamia ugawaji, kisha akaandika taarifa ya utekelezaji. Anayeorodhesha asitunze, anayetunza asiidhinishe, anayegawa asiwe ndiye anayethibitisha kwamba mgao umefika: mambo haya tunafundishwa mwaka wa kwanza. Ilikuwapo kamati ya usimamizi wa maafa ya kijiji, na wajumbe wake wangeweza kupewa angalau kazi ya kuhesabu. Hawakuitwa. Hati za kutolea vifaa hazikuwa na namba zinazofuatana, kwa hiyo hata ikichanwa moja hakuna atakayejua kwamba imepungua.

Mapokezi nayo yalikuwa vivyo hivyo. Hati ya ununuzi ilitaja bati za geji 28. Bati zilizopo juu ya nyumba ya mama mdogo zimegongwa muhuri wa kiwandani unaosomeka geji 30, na kila mwashi wa Dodoma anajua kwamba namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba zaidi na bei yake inashuka. Kamati ya ukaguzi na mapokezi ilisaini kwamba bidhaa zimepokelewa kama zilivyoagizwa. Wajumbe watatu, saini tatu, na muhuri unaosomeka bila miwani. Upepo wetu wa Julai na Agosti hauna simile na bati jembamba lililopigiliwa misumari michache. Moja limeshaanza kuinuka pembeni na kupiga kelele usiku kucha.

Niliomba kuona kitabu cha wageni cha ofisi ya kijiji. Mkaguzi wa ndani alifika. Aliandika jina, cheo na muda: aliingia saa 4:10 asubuhi, akatoka saa 5:00. Kwa dakika hizo 50 alikagua karatasi, na bila shaka alikuta karatasi zimekamilika, kwa sababu zilikamilishwa kwa ajili yake. Nyumba ya mama mdogo iko umbali wa kama dakika kumi kwa miguu kutoka ofisini hapo. Hakufika kwake wala kwa mwenzake yeyote.

Sisemi kwamba mkaguzi huyo amehongwa, kwa sababu sina ushahidi na pia kwa sababu naijua kazi hii. Mkaguzi wa ndani anapeleka taarifa yake kwa mkurugenzi, ambaye ndiye afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha za halmashauri, na ndiye huyo huyo mwenye kuamua kama gari litatoka na kama posho ya siku ya pili kijijini itaidhinishwa. Niliwahi kuomba gari siku tatu mfululizo kwenda kukagua mradi wa maji, na siku ya nne nikaambiwa nikague jalada kwani kila kitu kimo humo. Nililikagua jalada, na hadi leo sijajisamehe. Lakini ugumu wa kazi hauwezi kuwa sababu ya kuandika kwamba udhibiti unaridhisha mahali ambapo haukupimwa. Kama hukufika kwenye nyumba, andika kwamba hukufika.

Jaribio lililohitajika si la gharama. Unachukua majina 15 kutoka kwenye orodha bila kumshirikisha aliyeiandika, unakwenda kwenye nyumba hizo, unahesabu bati, unasoma muhuri, unamuuliza mwenye nyumba alipewa nini na siku gani. Hapo ndipo kaya hewa zinapojulikana, kwa sababu huwezi kuipata nyumba ya mtu ambaye hayupo. Halafu unageuza mwelekeo: unapita kijijini, unachagua nyumba 15 zilizoanguka, ndipo unarudi kwenye orodha kuangalia kama wenyewe wamo. Jaribio hili la pili ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linalomgundua aliyestahili akaachwa. Kijijini kwetu ninawafahamu wawili wa namna hiyo, mmoja wao ni mtu mwenye ulemavu wa miguu ambaye hakuweza kufika mkutanoni siku ya majina.

Kwa hiyo ninadai mambo ya wazi. Orodha yote, ikiwa na idadi, ibandikwe ubaoni katika ofisi ya kijiji na isomwe upya mbele ya mkutano mkuu. Mkaguzi arudi, safari hii aanzie majumbani, na atakayeongozana naye asiwe yule aliyegawa. Alama zile tisa zipelekwe kwa wenye utaalamu wa alama za vidole. Tofauti ya bei kati ya geji 28 na geji 30 idaiwe kwa waliosaini mapokezi. Na mgao wa awamu ya pili, ambao tumeambiwa utakuja kabla ya mvua za Desemba, usitolewe kwa daftari hili wala kwa ufunguo huu.

Barua yangu ya kuomba nyaraka niliipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri wa masijala, na nakala ninayo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatoa siku 30 za kujibu. Siku hizo zimepita na sijapata hata simu. Wiki iliyopita mama mdogo aliniuliza, kwa sauti ya chini kana kwamba kuna anayesikiliza, "Mwanangu, lile dole langu halitaniponza?" Mtu aliyedhulumiwa ndiye anayeogopa.

Walio katika vijiji vingine vilivyopata mgao huu, andikeni hapa idadi iliyosomwa mkutanoni na idadi iliyofika paani, na mtuambie kama safu ya idadi ilikuwa imejazwa mlipobonyeza dole. Msiweke majina ya wazee wetu. Barua ikijibiwa nitalileta jibu hapa kama lilivyo.