Tupeane uzoefu: Tovuti zinapokuweka nchi usiyokuwepo

Mkazi wa Mbezi (mwanzisha uzi):
Wakuu, habari za jioni. Jambo hili limenisumbua karibu mwezi mzima, na nilipotafuta msaada kwa Kiswahili sikupata kitu, ndiyo maana nafungua uzi huu.

Mwezi wa tatu tulivutiwa faiba nyumbani na kampuni ndogo ya mtaani kwetu. Kasi nzuri, bei inalipika. Siku ya pili mke wangu akaniita: duka la vitabu analonunulia mtandaoni linamwonyesha bei kwa zloti, sarafu ya Poland. Tukapuuza. Kesho yake benki ikamfungia huduma ya mtandaoni, ujumbe unasema kuna mtu ameingia kwenye akaunti kutokea Warszawa. Siku hiyo ndiyo tulikuwa tunalipa ada ya mtoto. Aliumia sana.

Nikafuta vidakuzi, nikazima na kuwasha rauta, nikaweka brauza nyingine, nikakagua saa na lugha ya simu. Wapi! Kilichonifungua macho ni kuzima wifi na kuwasha bando. Palepale kila tovuti ikarudi Tanzania. Simu haikuwa na kosa lolote. Tatizo lilikuwa kwenye anwani ya IP tunayopewa na kampuni ya faiba, yaani ile namba inayotutambulisha kwa kila tovuti tunayofungua.

Nilipombana fundi wao akanieleza vizuri. AFRINIC, shirika lililoko Mauritius linalogawa IP kwa Afrika, liliingia hatua ya mwisho ya akiba yake ya IPv4, yaani zile IP za mfumo wa zamani ambazo ni chache, Januari 2020, na tangu hapo ombi moja halipati zaidi ya anwani 1,024. Kampuni changa ikizidiwa na wateja inakodi anwani za wengine. Hizi zetu zilikuwa zikitumika Poland, na hifadhidata zinazotumiwa na tovuti zilikuwa bado zinaamini ziko hukohuko.

Wewe yalikukuta yapi, na ulitokaje?

Fundi wa rauta:
Mkuu umeanza pazuri. Kazi yangu ni kufunga mitandao na kesi hizi naziona kila wiki. Watu wanadhani IP ina nchi ndani yake kama namba ya simu inavyoanza na 255. Haina. Kuna kampuni zinazokusanya taarifa na kukadiria, kama MaxMind, IP2Location na IPinfo, na kila tovuti inamwamini wa kwake. Ndiyo maana tovuti moja itakuona Tanzania na nyingine Poland kwa dakika ileile.

Kwa hiyo pima IP yako kwenye hifadhidata mbili tatu kabla hujagusa mpangilio wowote. Zikikosea zote, mfuate anayekupa intaneti. Ikikosea moja, iandikie hiyohiyo. Nyingi zina fomu ya kuomba marekebisho. Mtoa huduma naye anaweza kuchapisha faili dogo la jedwali linaloonyesha kila kundi la IP na nchi, mkoa na mji wake. Utaratibu wake uko kwenye RFC 8805 ya mwaka 2020, moja ya nyaraka za kiufundi za mtandao. Kampuni nyingi ndogo hawaujui, waambieni.

Na msione ni jambo la bei za vitabu tu. Huko Marekani kuna shamba karibu na mji mdogo wa Potwin, Kansas. MaxMind ilikuwa imeweka nukta moja karibu na katikati ya nchi kwa IP zote ambazo haikujua ziko wapi Marekani, na nukta ikaangukia shambani hapo. Habari ilipotoka mwaka 2016, IP zaidi ya milioni 600 zilikuwa zinaelekeza kwenye nyumba ya watu wasiohusika. Polisi na watu waliotapeliwa walikuwa wakienda kugonga mlango, mwaka baada ya mwaka. Nikikumbuka kisa kile nafuatilia kila rekodi mpaka irekebishwe.

Wa Kitengela:
Yangu ilikuwa intaneti ya setilaiti. Dishi liko kwangu, lakini mawasiliano yalikuwa yakiingia kwenye mtandao wa dunia kupitia Lagos, basi matangazo yote yakawa ya Nigeria na bei kwa naira. Sikurekebisha chochote. Walipoweka kituo cha kuunganishia Nairobi, ikaisha yenyewe.

Jirani wa mpaka:
Niko Goma, natumia laini ya Rwanda kwa sababu mnara wa upande wa Gisenyi ndio unaoshika vizuri nyumbani kwetu. Tovuti zinaniandikia faranga za Rwanda. Nilihangaika kubadili mipangilio mpaka kijana mmoja akanieleza kwamba tovuti haioni miguu yako iko wapi, inaona mtandao ni wa nani. Siku hizi nashuka chini kabisa ya ukurasa nachagua nchi kwa mkono, palipo na nafasi hiyo.

Bi Mdogo wa Muscat:
Mwenzangu wa Goma, mimi ni kinyume chako. Nilipofika Oman nilibaki na laini ya Tanzania kwa wiki mbili, kila nikitaka kuagiza chakula naambiwa huduma haifiki nchini kwangu. Ukiwa rominga, mara nyingi data inarudishwa kwanza kwa kampuni ya nyumbani ndipo itoke, hivyo unaonekana uko Dar. Niliponunua laini ya hapa yakaisha.

Aliyerudi kutoka Dubai:
IP yangu ni ya Tanzania kabisa lakini programu ya benki ya hapa haionekani Play Store, na bei bado ni za dirhamu. Nimeshabadili mtandao mara tatu.

Fundi wa rauta:
Kwako tatizo ni akaunti, kaka. Play Store inashika nchi uliyoiandikisha kwenye akaunti. Ingia kwenye mipangilio ukabadilishe ukiwa hapa nchini, lakini uwe na hakika, maana unaruhusiwa mara moja tu kwa mwaka.

Kijana wa chuo:
Si muwashe VPN tu, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye mashine ya nchi unayotaka, mchague Tanzania? Mbona rahisi.

Mkazi wa Mbezi:
Mdogo wangu, nilijaribu. Kwa kusoma habari inafaa. Kwa benki ilizidi kuharibu, maana IP za VPN zinatumiwa na watu wengi na benki inazishuku. Mke wangu alifungiwa mara ya pili, safari hii akalazimika kwenda tawini na kitambulisho. Siwezi kumshauri mtu jambo hilo kwenye pesa.

Mama wa Mwanza:
Naombeni msaada, binti yangu anaomba ufadhili wa masomo. Ukurasa wa maombi unasema huduma haipo kwa waombaji walioko Uholanzi! Tupo Nyegezi, tunatumia bando la simu. Nimepima IP kwenye tovuti tatu kama mlivyosema, zote zinasema Tanzania. Nimechanganyikiwa.

Fundi wa rauta:
Pole mama. Umepimia brauza ipi, na fomu mnafungulia ipi?

Mama wa Mwanza:
Nimepimia simu yangu, Chrome. Yeye anatumia ile brauza ya kubana data, ili bando lidumu.

Fundi wa rauta:
Hapo ndipo penyewe. Brauza za kubana data hazichukui ukurasa moja kwa moja. Mashine zao za nje ndizo zinazouchukua, zinaupunguza, kisha zinawaletea. Tovuti inaweza kuiona mashine ile, isimwone binti. Kipimo kifanyike kwenye brauza ileile inayosumbua. Mfungulieni fomu kwenye Chrome, au mzime kubana data.

Mama wa Mwanza:
Imefunguka. Imeandika Tanzania juu kabisa. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa, ameshaanza kujaza jina. Mungu awabariki.

Mkazi wa Mbezi:
Hongereni mama. Akimaliza kila sehemu aihifadhi, bando lisije likakata katikati.