Mshipi wa kuvulia ulioandikwa namba 5 una uzito wa namba 6, kisha muuzaji anasema nimeutunza vibaya

Wanajukwaa, ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kulieleza jambo kwa mpangilio, kwa sababu linawagusa wote wanaovua trauti, samaki wa maji baridi, kwa inzi bandia katika mito ya Mlima Kenya na Aberdare na kununua vifaa vyao Nairobi.

Nilinunua mshipi wa kuelea, namba 5, kwa shilingi 12,000, katika duka ambalo sitalitaja. Nilimweleza muuzaji bayana kwamba fimbo yangu ni ya namba 5, yaani inataka mshipi wa namba hiyohiyo, na kwamba ninavua Thego na Burguret, mito midogo yenye maji baridi. Alinikabidhi kijisanduku, akasema huo ndio mshipi bora kuliko yote aliyonayo, na akaongeza kwamba unaruka mbali sana. Nilipofika mtoni, mshipi ulitoka kwenye rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) ukiwa umejikunja pete kwa pete kama waya wa simu za zamani, ukakataa kulala juu ya maji, na kila ulipotua ulipiga kishindo kilichowatawanya samaki kwenye kidimbwi kizima. Nimeurudisha dukani. Jibu nililopewa ni kwamba nimeutunza vibaya, kwa hiyo fedha hazirudishwi.

Nianze na uzito, kwa sababu huo hauna ubishi. Namba iliyo kwenye mshipi wa inzi haikubuniwa ili kupamba kijisanduku. Tangu miaka ya 1960 kipo kipimo cha watengenezaji wa Marekani kinachofuatwa duniani kote: hupimwa futi 30 za mwanzo wa mshipi, yaani mita 9 na kidogo, bila kuhesabu ile ncha nyembamba iliyo sawa, na uzito wake ndio unaotoa namba. Namba 5 ni greni 140, sawa na gramu 9.07, na inaruhusiwa kupungua hadi greni 134 au kuzidi hadi 146. Namba 6 ni greni 160. Kabla ya hapo mishipi ilitambulishwa kwa herufi zilizoonyesha unene, utaratibu uliofaa enzi za hariri, kwa kuwa mishipi ya hariri yenye unene mmoja ilikaribiana uzito. Plastiki zilipoingia, unene haukusema tena lolote kuhusu uzito, ndiyo maana namba zikaletwa. Kwa maneno mengine, namba hizi zilitungwa mahsusi ili mnunuzi asibahatishe.

Niliupeleka mshipi wangu kwa sonara, ambaye mizani yake husoma sehemu ndogo za gramu. Futi 30 za mwanzo zilikuwa na gramu 10.8. Hiyo ni takriban greni 167, na ukomo wa juu wa namba 6 ni greni 168. Sikuuziwa namba 5 iliyonenepa kidogo. Niliuziwa namba 6 inayogusa dari ya namba 6, ndani ya kijisanduku chenye 5 kubwa mbele.

Najua hoja ya watengenezaji. Wanasema fimbo za kaboni za siku hizi ni ngumu, hazipindi vizuri mshipi ukiwa mfupi, kwa hiyo wanaongeza uzito ili hata mgeni wa mchezo ahisi fimbo ikifanya kazi. Katika kijito ambako unarusha mita tano au sita tu, hoja hiyo ina ukweli, na wapo wavuvi wazoefu wanaopanda namba moja kwa makusudi. Lakini wao wanapanda kwa hiari yao, wakijua wanachokifanya. Mwenye fimbo laini ya zamani, kama yangu, akiongezewa uzito kwa siri, fimbo inalemewa, mshipi unaanguka badala ya kutua, na trauti wa maji maangavu hawangoji maelezo. Wapo watengenezaji waungwana wanaochapisha idadi ya greni au kukiri wazi kwamba mshipi umezidi kwa nusu namba. Wangu haukuandikwa chochote.

Jambo la pili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu halitoki kiwandani bali kaunta. Nyuma ya kijisanduku, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, pameandikwa kwamba mshipi umetengenezwa kwa hali ya hewa ya tropiki. Nadhani muuzaji alifikiri kwamba, kwa kuwa Kenya iko tropiki, basi mambo yamekwisha. Ikweta inapita Nanyuki, ni kweli; lakini mito ya pale inateremka kutoka miinuko ambako umande huganda usiku, na trauti wasingeishi humo kama maji yangekuwa ya uvuguvugu. Samaki hao waliletwa kutoka Uskoti na kutiwa mto Gura mwaka 1905. Zaidi ya karne moja imepita, na bado mtu anauza vifaa vya trauti Nairobi bila kujua kwamba nchi hii ina maji baridi!

Kwa wasiolifahamu suala hili, mshipi wa inzi una kiini cha nailoni, ama ya nyuzi nyingi zilizosukwa ama ya uzi mmoja mnene, na juu yake gamba la plastiki lililochanganywa na vilainishi. Ule wa kuelea huwa pia na vijipovu vya kioo vyenye uwazi ndani, ambavyo hupunguza uzito wake majini. Mshipi wa tropiki huwa na gamba gumu, na mara nyingi kiini kigumu pia, ili usilegee na kunata kwenye pete za fimbo chini ya jua la Watamu au Lamu, ambako watu huwarushia kolekole na sulisuli. Huko ni chombo kizuri mno. Ukiuingiza kwenye maji ya mlimani, ugumu huo huongezeka na mshipi hubaki na umbo la rili. Mshipi wa maji baridi nao ukipelekwa pwani huwa kama tambi zilizoiva kupita kiasi. Hapa hapahitajiki utaalamu wa hali ya juu. Panahitajika kusoma nyuma ya kijisanduku kabla ya kupokea fedha za mtu.

Sasa nirudi kwenye tuhuma ya utunzaji. Muuzaji alidai kwamba nimeuacha mshipi garini juani au nimeushika nikiwa na dawa ya mbu. Vitu hivyo huharibu kweli, lakini haviharibu hivyo. Jua na joto la gari hukausha vilainishi hadi gamba linapasuka nyufa ndogondogo. Dawa ya mbu yenye kemikali ya DEET, mafuta ya kujikinga na jua na petroli huliyeyusha gamba na kuliacha likinata. Mshipi wangu hauna ufa wala haunati. Isitoshe, nimeutia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nikauvuta taratibu kwa mikono, ukanyooka; nikauhamishia kwenye maji yenye barafu, ukakakamaa na pete zikaanza kurudi. Mshipi uliopasuka au kuyeyuka hauponi kwa kuogeshwa. Jaribio hili nilijitolea kulifanya mbele yake, akakataa kuleta beseni.

Kuhusu usafi, ninaosha mshipi kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini ya mikono, nausuuza, kisha naupitisha ndani ya kitambaa safi. Uchafu na mwani wa mtoni ukigandamana nao, ncha huanza kuzama, na wengi hudhani umekwisha. Nikijua sitavua kwa muda mrefu, nauondoa kwenye rili na kuuning'iniza kwa mizunguko mipana mahali pasipo na jua. Yule bwana alitaka kuniuzia chupa ya mafuta ya kulainisha kwa shilingi 1,500, ati ingemaliza pete. Mafuta husaidia mshipi kuteleza. Hayabadilishi kiini kigumu.

Tena, hata umbo alilonichagulia halikufaa. Mshipi wenye uzito mbele ni wa kurusha mbali, na Burguret hakuna mahali pa kurusha mbali. Ukijaribu, inzi wako anabaki mtini. Mshipi uliochongoka ncha zote mbili hutua kwa upole zaidi, na ncha moja ikichakaa unaugeuza na kuanza upya kwa ncha ya pili. Pengine ndiyo sababu haupendekezwi kaunta.

Ninachodai ni fedha zangu zote, au mshipi wa maji baridi wenye greni 140 utakaopimwa mbele yangu. Risiti ninayo, kijisanduku ninacho, na sonara amekubali kupima tena. Ninaomba wenzangu walionunua mishipi Nairobi hivi karibuni wakate ubishi kwa namna hiyohiyo: pimeni futi 30 za mwanzo mkiacha ile ncha, kisha andikeni hapa chini gramu mlizopata, namba iliyo mbele ya kijisanduku, na kila kilichoandikwa nyuma yake.