Nikiwa Tanga, nimtafute wapi daktari bingwa wa baridi yabisi?

Binti wa Chumbageni

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mama yangu ana umri wa miaka 51. Kwa miezi mitano sasa vifundo vya vidole vya mikono yake yote miwili vinavimba na kuuma, na kila alfajiri viganja vyake hukakamaa hata hawezi kukamua nguo mpaka jua liwe limepanda. Ametulea kwa kukanda na kuchoma chapati za kuuza. Leo nakanda mimi, naye huketi pembeni akinitazama, jambo linaloniumiza kuliko ninavyoweza kueleza. Tumekwenda zahanati mbili, zote zikampa diklofenaki ya kutuliza maumivu, na ya pili ikatuambia kuwa ni uzee. Jirani mmoja anatuelekeza kwa daktari wa mifupa, mwingine anasema baridi yabisi ina daktari wake. Je, tumtafute yupi, wapi, na nitajuaje kwamba anaifahamu kazi yake?

Muuguzi Mstaafu, Raskazone

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Mpe mama pole. Ugonjwa wa kulika kwa gegedu, yaani ule utando mlaini unaofunika ncha za mifupa kwenye viungo, unaowapata wengi magotini kadiri umri unavyosonga, huuma zaidi mtu anapofanya kazi na hupoa anapopumzika, na ukakamavu wake wa asubuhi kwa kawaida hauzidi nusu saa. Mikono yote miwili inapovimba pamoja na kukakamaa kwa muda mrefu kila asubuhi, daktari anapaswa kufikiria baridi yabisi, ambayo ni kinga ya mwili kuushambulia utando wa ndani wa viungo.

Daktari wa mifupa kazi yake kubwa ni mivunjiko na upasuaji. Mama anahitaji bingwa wa magonjwa ya ndani, na juu yake bingwa mbobezi wa baridi yabisi. Wabobezi hao ni wachache mno nchini mwetu, kwa hiyo usipoteze miezi ukimsaka mmoja wao mitaani. Ombeni karatasi ya rufaa pale zahanati, hasa kama mama anatumia kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, muende kliniki ya magonjwa ya ndani katika hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, Bombo. Ikihitajika, kutoka hapo ndipo mtakapoandikiwa rufaa ya hospitali kubwa zaidi, KCMC kule Moshi au Muhimbili kule Dar es Salaam. Msichelewe, kwa sababu mfupa ukishaliwa na ugonjwa huu haurudi ulivyokuwa.

Bingwa anayeijua kazi yake huviminya viungo kimoja kimoja, hukagua hata nyayo, na huuliza kama mgonjwa alipata homa kabla ya maumivu kuanza. Hapa pwani swali hilo lina uzito. Chikungunya, ugonjwa wa mbu uliotambuliwa kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa nchi hii hii, na ambao jina lake limetoka katika Kimakonde kwa maana ya kujikunja, unaweza kuacha viungo vikiuma kwa miezi mingi. Vilevile kipimo cha damu peke yake hakitoshi: wapo wagonjwa wa kweli ambao majibu yao ni hasi, na wapo watu wazima wa afya ambao majibu yao ni chanya. Daktari akitoa hukumu kwa karatasi ya maabara bila kuigusa mikono ya mama, tafuteni mwingine.

Mwanapangani

Shikamoo, mama muuguzi. Naongeza dogo tu: baba yangu alitibiwa baridi yabisi kwa mwaka mzima, kumbe alikuwa na jongo, ugonjwa wa asidi ya yuriki kuganda viungoni, na dawa zake ni nyingine kabisa. Bingwa aliitambua alipouliza kidole gani kiliuma kwanza. Kilikuwa kidole gumba cha mguu.

Mgonjwa wa Barabara ya 12

Dada yangu, nina mwaka wa tisa na ugonjwa huu. Daktari wangu wa kwanza alinipa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, miezi kadhaa mfululizo, bila dawa nyingine na bila kunieleza chochote. Maumivu yalitulia, nami nikamsifu kwa kila mtu, lakini sukari ilipanda na vidole viliendelea kupinda.

Sasa natumia methotreksati, dawa ya kuutuliza ugonjwa wenyewe. Humezwa mara moja tu kwa wiki, na anayeimeza kila siku anaweza kupoteza maisha; huambatana na vidonge vya foliki asidi, na damu hupimwa mara kwa mara ili kuangalia ini na chembe za damu. Ndiyo maana nakusihi umchague daktari kwa namna anavyopanga ufuatiliaji. Mbobezi wangu yuko Dar es Salaam, kilomita zipatazo 350 kutoka hapa, na safari ya basi humaliza siku nikiwa na magoti yaliyovimba. Yeye aliniandikia katika daftari vipimo vyote na wakati wa kuvifanya, navifanya hapa Tanga chini ya bingwa wa magonjwa ya ndani, na kwake naenda baada ya miezi kadhaa. Muulize kila daktari utakayemwona kama yuko tayari kushirikiana na mwenzake wa huku.

Mpelekeeni pia dawa zote anazotumia mama, za mitishamba zikiwemo. Msimfiche.

Binti wa Chumbageni

Nawashukuru sana. Jumatatu tutafuata karatasi ya rufaa. Hofu yangu ni kwamba kliniki hutufikia zamu mchana, wakati mikono ya mama imekwisha kulegea, na daktari ataiona kama mizima.

Muuguzi Mstaafu, Raskazone

Mpige picha mikono yake anapoamka, mwanangu, kwa siku tano au sita, na kila siku uandike saa aliyoamka na saa alipoweza kukunja ngumi. Daktari mpe hizo.