Wakuu, drafti ya NFL 2024, Bills tuna chaguo namba 28, tuchukue resiva yupi? Naombeni ushauri kabla ya Alhamisi

Mtu_wa_Orchard:
Wakuu salama? Niko Buffalo hapa, nafanya kazi ghala, na tangu tarehe 3 Aprili resiva wetu mkuu, yaani mdaka pasi, Diggs alipopelekwa Houston hakuna stori nyingine wakati wa breki. Gabe Davis naye kashaenda Jacksonville, yaani wale wawili wa pembeni wote hawapo, tumebaki na Shakir, Curtis Samuel tuliyemsajili juzi na Kincaid ambaye ni taiti endi, anadaka ila pia anakinga. Josh Allen, kota wetu anayerusha pasi, mkono anao, sasa anamrushia nani?

Kazini jamaa wamebandika karatasi kwenye mlango wa friji, kila mtu anaandika resiva mmoja wa chuo anayetaka tumchukue kwenye drafti, pale timu zinapopokezana kuchagua vijana wa vyuo, na jina ukishaliandika halifutwi, utataniwa nalo msimu mzima. Marvin Harrison Jr, Nabers na Odunze najua hawatufikii. Mimi roho inaniambia Xavier Worthy wa Texas, kijana kakimbia yadi 40 kwa sekunde 4.21 kwenye majaribio ya vijana kule Indianapolis, kaifuta rekodi ya John Ross ya 4.22. Ila kuna mzee mmoja pale kazini, shabiki tangu enzi za kota wetu wa zamani Jim Kelly, ukimtajia Worthy anatikisa kichwa tu haongei kitu. Nishaurini basi, niandike nani?

MzeeWaKona:
Huyo mzee msikilize. Umemtaja John Ross mwenyewe halafu hujajiuliza yuko wapi leo? Bengals walimchukua namba 9 mwaka 2017 kwa sababu ya hizo mbio, msimu wa kwanza hakudaka hata pasi moja. Mbio peke yake ni sawa na kusajili winga anayepita kila beki halafu krosi zote zinaishia jukwaani.

Longhorn_Dallas:
Manze hapo unamwonea, Worthy si Ross. Mimi niko Texas na huyu boy nimemcheki miaka yote mitatu, 2021 akiwa ndo anaingia chuo alifunga tachidauni 12, watu walianza kusema anadondosha mipira 2022 na huo msimu alikuwa anacheza na mkono umevunjika. Yangu ni uzito tu. Paundi 165, hiyo ni kama kilo 75, konabeki wa NFL, yule anayekaba maresiva, akimshika kifua pale mstarini kabla hajaanza kukimbia hizo 4.21 atazitumia wapi? Mi naona uandike mwenzake wa timu hiyo hiyo, Adonai Mitchell. Futi 6 na inchi 2, kakimbia 4.34, na mechi za mchujo wa ubingwa wa vyuo hajawahi kucheza hata moja bila kufunga, Georgia alifunga, Texas pia akafunga.

Mama_Endzone:
Habari zenu kaka zangu. Mnajadili majina na hamjamwangalia anayechagua. Meneja mkuu wetu Brandon Beane tangu aje hapa hajawahi kutumia raundi ya kwanza kwa resiva, wa mwisho Bills kumchukua raundi hiyo ni Sammy Watkins 2014, Beane hata hajafika. Mwaka 2020 chaguo letu la 22 lilienda Minnesota ndo tukampata Diggs, na Vikings kwa namba hiyo hiyo wakamchukua Justin Jefferson! Sisemi tulipigwa, Diggs alivuka yadi 1000 misimu yote minne, lakini Jefferson alikuja na mshahara mdogo wa kijana anayeanza na Diggs tumeachana naye huku hesabu ya mishahara mwaka huu bado imebeba dola milioni kama 31 zake na hatuchezei. Kwa hiyo safari hii tupande juu, tubadilishane na timu iliyo mbele yetu, tumfuate Brian Thomas Jr wa LSU. Tachidauni 17 msimu uliopita, hakuna aliyedaka nyingi zaidi yake vyuo vyote Marekani, na ni mrefu halafu kakimbia 4.33.

MzeeWaKona:
Dada Mama_Endzone kupanda kunauma. 2011 Falcons walitoka 27 mpaka 6 kumfuata Julio Jones, wakatoa machaguo matano, mawili kati ya hayo ya raundi ya kwanza. Sisi Poyer kaondoka, Tre White kaondoka, Morse kaondoka, huwezi kuuza machaguo na nyumba ina matundu kila upande.

Theluji_Rochester:
Naona wote mnachagua resiva wa kucheza Miami. Orchard Park, uwanja wetu, mnaijua? Desemba 2021 upepo ulivuma Patriots wakarusha pasi tatu TU mechi nzima na wakatufunga 14 kwa 10. Januari hii mechi ya Steelers ilisogezwa kwa sababu ya theluji toka Jumapili mpaka Jumatatu, klabu ikawa inalipa watu dola 20 kwa saa waje na makoleo, Jumatatu tumeingia uwanjani viti bado vimefunikwa, unachimba kwanza ndo ukae. Baridi ile mpira unakuwa mgumu kama jiwe, unataka mtu mwenye mikono mikubwa anayeruka juu ya beki akautoe kule juu. Huyo ni Keon Coleman wa Florida State. Futi 6 na inchi 3, paundi 213, alipokuwa Michigan State alicheza mpaka basketi.

Mtu_wa_Orchard:
Coleman si ndo yule wa 4.61? Kazini watanicheka mpaka Krismasi mkuu. Vipi McConkey wa Georgia?

Theluji_Rochester:
Hiyo 4.61 ni mbio za kaptula. Kwenye lile zoezi la kukatisha uwanja unadaka mipira inayotoka kushoto na kulia, Coleman alipimwa zaidi ya maili 20 kwa saa na hakuna resiva aliyempita. Maana yake ukimrushia mpira hapunguzi mwendo. Na chuoni alikuwa anarudisha panti, ile mipira wapinzani wanayoipiga mbali kwa mguu, mtu mzito hapewi hiyo kazi.

Mama_Endzone:
McConkey fundi sana wa kumpoteza beki, ila 2023 mgongo na kifundo vilimsumbua, na wengi wanaona NFL atacheza kule ndani, karibu na katikati, ambako Shakir na Samuel wapo tayari. Sisi pengo ni pembeni.

Longhorn_Dallas:
Na msisahau Chiefs wa Kansas City wako 32 na wanatafuta resiva kama sisi. Ukimwacha Worthy akapita 28, kota wao Mahomes anampata, usije ukalia hapa.

Mtu_wa_Orchard:
Hiyo ya Mahomes imenimaliza. Nimeandika WORTHY, kwa maka peni. Tukutane Alhamisi usiku.

Mtu_wa_Orchard (Alhamisi usiku):
JAMANI. Zamu yetu imefika, Worthy yupo, nimesimama na simu mkononi, tangazo linakuja tumeuza namba 28, nauliza kwa nani, kwa CHIEFS??? Na wamemchukua Worthy na chaguo letu wenyewe. Beane ana nini na mimi?

Longhorn_Dallas:
😂😂😂 pole buda. Mi nilidhani watamsubiri tu 32.

MzeeWaKona:
Tulieni, tumepata 32 na chaguo la 95, na wote mliowataja ukiacha wale watatu wa juu, Thomas na Worthy bado wapo. Beane angemtaka Worthy angemchukua, hakuna aliyemnyang'anya.

Mama_Endzone:
MzeeWaKona sasa hivi na 32 kaiuza kwa Carolina, wamemchukua resiva Legette. Tunashuka 33, yaani leo hatuchagui mtu kabisa. Mimi nalala.

Theluji_Rochester (Ijumaa):
Keon Coleman. Namba 33. Sina maneno mengi leo.

Mtu_wa_Orchard:
Hongera kaka. Sasa naombeni ushauri wa pili, Jumatatu naingiaje kazini?

Mama_Endzone:
Nenda na mabawa ya kuku sinia zima, waanze kula kabla hawajakuona vizuri. Na yule mzee mpe la kwanza.

MzeeWaKona:
Na ukimaliza muulize kama anamkubali Coleman, mimi bado 4.61 hainikai vizuri.