Felt: hela ya santuri moja tu, nianzie wapi?

Kashata77
Wakuu, heshima zenu. Juzi usiku nimekutana na wimbo unaitwa Primitive Painters, wa bendi ya Kiingereza, Felt. Karibu dakika 6, mwanamume anaongea zaidi ya kuimba, halafu nyuma yake inapanda sauti ya mwanamke kama inatokea juu ya paa. Sijatulia tangu siku hiyo.

Nimechimba nikakuta walitoa albamu 10 kati ya 1982 na 1989: nne za lebo ya Cherry Red, tano za Creation, ya mwisho lebo ya él. Binamu yangu anakuja likizo kutoka Uingereza mwezi ujao na amekubali kunibebea santuri MOJA. Nimebakiza tatu: Crumbling the Antiseptic Beauty (1982), Ignite the Seven Cannons (1985, ndiyo yenye ule wimbo) na Forever Breathes the Lonely Word (1986). Wenye masikio nisaidieni.

MzeeWaSolo
Ya 1982, na usiulize mara mbili.

Nyimbo 6, nusu saa hivi, umemaliza. Mpiga gita ni Maurice Deebank, kijana aliyesomea gita la kiklasiki, na linasikika: kila waya uko peke yake, safi, hakuna kelele ya kujificha nyuma yake. Sasa geukia ngoma. Matoazi hamna! Lawrence, mwenye bendi, hakuyataka. Kwa hiyo Gary Ainge anabaki na ngoma tupu, dum-dum, dum-dum, kama mtu anayetembea ghorofa ya juu wakati wewe umelala ya chini. Sauti ya Lawrence imezama huko ndani, maneno utayaokota moja moja.

Sisi tuliokulia kwenye dansi, solo linateleza juu na rithimu inashikilia chini, hapa hatuhitaji mkalimani. Ila viatu vya kuchezea acha nyumbani.

BintiSanturi
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo unampoteza mtoto wa watu. Kashata kapenda wimbo wenye kiitikio, wewe unampa nusu saa ya ukungu. Atasikiliza upande mmoja, santuri itakwenda kukaa chini ya kitanda.

Kashata, chukua ya 1986. Deebank alikuwa ameshaondoka, na mimi nasema bendi ilipona hapo hapo. Aliyeshika usukani ni Martin Duffy, mpiga kinanda waliyemchukua akiwa bado kijana mdogo kabisa. Nyimbo 8, kinanda kinatiririka kuanzia ya kwanza, na safari hii Lawrence yuko mbele, unamsikia anachosema. Kuna moja jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema watu ninaowapenda ni wale waliokwisha kufa. Maneno ya msiba hayo, na mimi nayaimba jikoni nikimenya viazi.

MzeeWaSolo
Marahaba binti. Kinanda kimejaza kila tundu. Gita litapumulia wapi?

BintiSanturi
Limepumua albamu nne, Mzee. Linatosha.

Ugaibuni_Bham
Nimecheka. Mimi naishi Birmingham, na hawa ni watu wa huku: mwanzo wao ni Water Orton, kijiji kilicho pembeni tu mwa jiji. Ukiwauliza watu kazini kuhusu Felt wanakutazama kama umetaja ugonjwa. Jina lenyewe ni neno tu, "alihisi". Lawrence alilipenda kwa jinsi Tom Verlaine wa bendi ya Television anavyolitamka kwenye wimbo wao mmoja. Mtu anayeanzisha bendi kwa sababu ya matamshi ya neno moja, hapo ushajua unashughulika na mtu wa aina gani.

Sasa Kashata, tahadhari kuhusu ya 1985, maana naona hakuna aliyeigusa. Ule wimbo wako ni mlima, lakini usidhani albamu yote iko hivyo. Prodyuza alikuwa Robin Guthrie wa Cocteau Twins, na yule mwanamke wa juu ya paa ni Elizabeth Fraser wa bendi hiyo hiyo. Guthrie alimwaga mwangwi kila mahali. Kwenye Primitive Painters mwangwi unabeba wimbo. Kwenye nyingine unauzamisha, gita la Deebank linasikika kama linapigwa ndani ya pipa la maji. Lawrence mwenyewe hakuridhika, na albamu ziliporudishwa sokoni 2018 alihakikisha nyimbo kadhaa zimechanganywa upya. Kwa hiyo ukiinunua, mwambie binamu atazame ni toleo la mwaka gani, maana ni kama vitu viwili tofauti.

Na kwenye matoleo hayo ya 2018 ukiona The Seventeenth Century usidhani umevumbua albamu iliyofichwa. Ni ile ya kwanza ya Creation, kabadilisha jina tu.

PwaniRedio
Samahani wakubwa, mimi nina swali huku nyuma. Kama ni wazuri hivyo, mbona hawavumi? Creation si ndiyo iliyokuja kuitoa ile bendi kubwa, Oasis?

Ugaibuni_Bham
Ndiyo hiyo hiyo. Primitive Painters ilishika namba moja mwaka 1985, lakini kwenye chati ya lebo za kujitegemea, siyo ile kubwa ya nchi nzima. Hapo bendi nyingine ingerudi studio kutafuta ya pili inayofanana nayo. Lawrence akaingia Creation, na albamu yake ya kwanza huko haina kuimba hata neno moja, dakika 20 hazifiki! Mwaka 1988 akatoa Train Above the City, ambayo yeye mwenyewe hapigi wala haimbi. Duffy na Ainge wanapiga muziki wa kujazi-jazi wa baa ya hoteli, mchango wa Lawrence ni majina ya nyimbo. Albamu 10 na singo 10 ndani ya miaka 10, akafunga duka.

BintiSanturi
Na bahati nayo ilimkimbia. Baadaye akiwa na bendi yake ya pili, Denim, lebo ya EMI walikuwa tayari kutoa singo yao ya Summer Smash mwaka 1997. Jina lina maana ya kibao cha kiangazi, lakini pia unaweza kulisikia kama ajali. Princess Diana akafa kwenye ajali ya gari mwisho wa Agosti. Singo ikaondolewa.

Duffy ndiye aliyeonja jukwaa kubwa. Alikwenda bendi ya Primal Scream, na mwaka 1996 aliwashikia bendi nyingine, The Charlatans, kinanda kwenye onyesho kubwa la Knebworth, Uingereza, mpiga kinanda wao alipokuwa amefariki wiki chache kabla. Waliokuwa wanafunga onyesho? Oasis. Alifariki Desemba 2022, Mungu amrehemu.

PwaniRedio
Ahsanteni. Kura yangu ya 1985, kwa sababu ya huyo dada wa juu ya paa.

MzeeWaSolo
Huyo dada yuko kwenye wimbo mmoja! Kijana asikilize bure huko mtandaoni, hela ya santuri akanunulie gita.

Kashata77
Mrejesho, wakuu. Binamu ametua jana. Nilimtuma ya 1986, ndiyo aliyoleta, jalada limepinda kona moja kwa sababu aliifunga pamoja na viatu.

Leo nimeizungusha mara tatu. BintiSanturi, ule wimbo wa marehemu umeshaniingia, mama ameniuliza naimba nini. Mzee, kinanda kweli kimejaa kila tundu, nimejikuta namsubiri mtu wa gita aingie na haingii. Kama ile ya 1982 unayo, na kama uko Dar, niambie Jumapili nije. Nitakuja na hii, na sitakuja na viatu vya kuchezea.

MzeeWaSolo
Njoo saa kumi. Sindano ni mpya, lakini usiiguse.