Tupeane uzoefu: herufi zimekwisha na maneno bado

Katibu wa Jang'ombe
Assalaam alaykum wanajukwaa. Juzi nimetuma SMS kwa wanachama 200 wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kuwakumbusha mkutano. Nilizihesabu herufi moja moja: 150. SMS moja inabeba 160, nikatuma. Nimekatwa SMS 600. Mia sita! Na fedha ni za kikundi, si zangu. Usiku sikulala. Leo kijana mmoja wa Darajani kanionesha chanzo: ritifaa ya Jang'ombe, ile alama ndogo ya juu baada ya "ng". Niliandika kwenye Word kisha nikanakili, na Word huikunja ile alama. Ritifaa iliyokunjwa haimo katika herufi za kawaida za SMS, basi ujumbe wote huhamishiwa mpangilio mwengine ambao SMS moja inabeba herufi 70 tu, na zikiunganishwa kila kipande kinabaki na 67. Zangu 150 zikawa vipande vitatu kwa kila mtu. Nani mwengine yamemfika? Iwe SMS, iwe X (Twitter ya zamani), semeni.

Wa Ng'ambo
Kumbe jina la mtaa linatutia hasara miaka yote hii.

Bi Mwani
Na Bismillahi je? Mie naiandika kwa Kiarabu kila nikituma oda za sabuni.

Fundi Simu Chake
Kiarabu nacho ni 70, dada. Emoji moja pia, ujumbe mzima unashuka.

Bi Mwani
Ndiyo maana na X hunikatalia haraka.

Fundi Simu Chake
Hapana, X ni hesabu nyengine. Kule herufi ya Kiarabu ni moja kama ya Kiswahili, emoji ndiyo inahesabiwa mbili. Na kiungo cha duka lako, kiwe kirefu kiwe kifupi, ni 23. Usijisumbue kukifupisha.

Mstaafu wa Posta
Wanangu, zamani telegramu ililipiwa kwa neno. Kiswahili kilikuwa kinatuokoa: "nimekutumia" ni neno moja, Mwingereza anahitaji matatu au manne. Leo wanahesabu herufi, na lile neno letu moja refu ndilo linalotuumiza. Twitter, iliyoanza 2006, kikomo chake kilikuwa 140. Nilijaribu kuandika wasia kwa wajukuu, sikufika popote. Hata walipoongeza hadi 280 mwaka 2017 bado nabanwa.

Dogo wa Mazizini
Babu fupisha 2. xaxa, 2po, xna. Inatosha kabisa.

Mstaafu wa Posta
Shikamoo kwanza, mjukuu wangu. Kiswahili sanifu kimetoka kwenye Kiunguja hiki hiki. Sisi ndio wa kukikata masikio?

Dogo wa Mazizini
Shikamoo babu, samahani. Lakini si nimeeleweka?

Mtoto wa Konde
Hili sikuwahi kulieleza, ila Katibu umelifukua. Mama mkwe wangu alifariki asubuhi, Fuoni, kati ya msimu wa karafuu. Nikaambiwa nitangaze. Nikaandika kwenye X: Inna lillahi, jina la marehemu, nyumba yenye msiba, maziko baada ya alasiri, makaburi. Zimezidi. Nikaondoa jina la baba yake. Zimezidi tano bado. Saa ya maziko haikatwi, makaburi hayakatwi. Nilikuwa nimeandika "mama yangu mkwe". Nikakata "mkwe" na nafasi yake, tano kamili, ikakubali. Wallahi sikuona kosa, maana marehemu nilikuwa namwita mama tangu siku ya harusi.

Sasa marehemu na mama yangu mzazi ni masomo, jina moja. Mama yuko Konde, Pemba, simu imekwisha chaji, yeye yuko uwani kwenye jamvi anachambua karafuu. Kaka yangu kaliona tangazo Muscat, anapiga, hapatikani. Majirani wa Konde nao wameliona. Wanawake wakavaa mabuibui, wakaja wanalia tangu barabarani. Mama akatoka mlangoni na karafuu mkononi: "Jamani, nani kafa?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Wamekuja kumlilia yeye, na yeye kasimama. Akawatazama mmoja mmoja, wote wanainamisha macho. Akajua wanamficha. Akajua ni mimi niliyekufa. Akaanguka pale pale kizingitini.

Na mimi niko Fuoni nasindikiza jeneza, simu mfukoni nimeizima sauti. Nilipoitoa baada ya maziko kulikuwa na simu 43.

Wa Ng'ambo
Subhanallah.

Bi Mwani
Nimelia. Mama yukoje sasa?

Mtoto wa Konde
Mzima, alhamdulillahi. Alilala hospitali siku mbili. Ila ujumbe wangu hausomi tena, anataka nipige asikie sauti.

Ustadhi Mkoani
Pole sana. Lakini tanzia mahali pake ni msikitini na redioni. Hivyo havina kikomo cha herufi.

Mtoto wa Konde
Ustadhi, kaka yuko Muscat. Anausikiaje msikiti wa Konde?

Ustadhi Mkoani
Anapigiwa simu. Ndugu wa damu hapewi msiba kwenye X.

Mtoto wa Konde
Hapo umesema kweli.

Dogo wa Mazizini
Ungegawa mara mbili, 1/2 na 2/2.

Fundi Simu Chake
Usimpotoshe. Watu husambaza ya kwanza tu, ya pili inabaki peke yake. Andika yote pembeni, piga picha, weka picha.

Bi Mwani
Picha hapana! Mama yangu haoni, simu ndiyo humsomea maandishi. Ukiweka picha hapati kitu. Afadhali ikatwe salamu, jina la mtu libaki zima.

Ustadhi Mkoani
Salamu haikatwi.

Katibu wa Jang'ombe
Fundi, mkutano umeahirishwa, lazima nitume tena leo. Hii ritifaa naizuiaje isikunjwe?

Fundi Simu Chake
Usipitie Word, andika pale pale kwenye mfumo wa SMS. Ukitumia iPhone, ingia kwenye mipangilio ya kibodi uzime Smart Punctuation. Kisha jitumie mwenyewe kwanza uone imekatwa ngapi.

Katibu wa Jang'ombe
Nimejitumia. Imekatwa moja.